Miaka ya Agatha Isiyohesabiwa

Agatha aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Serikali humhesabia mtu siku alizokaa mahabusu, alicheka. Hakucheka kwa furaha. Alicheka kile kicheko chake cha puani ambacho watu wa Endasak wanakijua vizuri, kilichowahi kumfukuza katekista mzima kabla hajamaliza chai yake.

“Ni miaka mitatu na miezi miwili, mama,” alisema Raya. Raya alikuwa wakili, binti wa wafanyabiashara wa Dongobesh, na mahakama ndiyo iliyompa kazi ya kumtetea Bonaventura, mume wa Agatha, kwa kuwa Bonaventura hakuwa na wakili wake. “Jaji ataizingatia yote. Halafu amekiri kosa mwenyewe, hakuisumbua mahakama. Hilo nalo litamsaidia.”

“Hakuisumbua mahakama,” Agatha akarudia. “Basi ashukuriwe.”

Walikuwa wamesimama nje ya Mahakama Kuu kule Babati. Asubuhi hiyo Bonaventura alikuwa amesomewa shitaka lake upya. Mwanzoni lilikuwa la mauaji, na kwa miaka mitatu kila alipopelekwa mahakamani aliambiwa upelelezi haujakamilika, arudi baada ya wiki mbili. Hatimaye Serikali ikaona ushahidi ulionyesha hasira tu, haukuonyesha nia ya kuua, ikalipunguza shitaka liwe kuua bila kukusudia. Bonaventura akasema ni kweli, alimuua Nicodemo. Jaji akaahirisha wiki moja ili atoe adhabu. Wiki hiyo ndiyo Raya aliyotaka itumike vizuri. Alitaka apatikane mtu wa upande wa marehemu, aje asimame mbele ya Jaji aseme kwamba hawana kinyongo.

“Pande zote mbili zimeshapatana?” Raya akauliza.

Agatha akamtazama binti wa watu kama anayetazama ndama mwenye miguu mitano. Angeanzia wapi kumweleza?

Bonaventura alikuwa mwanaume wa maneno makubwa na shamba dogo. Alikuwa na maksai mmoja, wala hakuwahi kufikisha wawili, kwa sababu kila alipokaribia kununua wa pili kulizuka harusi, na katika harusi Bonaventura lazima aonekane. Jirani yake Nicodemo, ambaye shamba lake lilianzia pale la kwao lilipoishia, naye alikuwa na mmoja. Maksai mmoja hawezi kuvuta plau. Kwa hiyo kwa miaka tisa wanaume hao walifunga maksai wao nira moja, wakalima shamba la huyu kwanza kisha la yule, na mwaka unaofuata wakabadilishana zamu. Mpango huo ulikuwa wa akili kabisa, na Agatha alijua kwamba haukutoka kichwani mwa mume wake.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Nicodemo kuanza. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini mvua zilikuwa zimechelewa, na zilipofika Desemba kila mtu alitaka mahindi yake yaingie ardhini jana. Bonaventura akaenda kwa Nicodemo asubuhi kuchukua maksai wote wawili alime kwake kwanza. Nicodemo akakataa. Wakashikana maneno, wakashikana mashati, na Bonaventura akainua fimbo ya kuswagia ng'ombe akampiga mwenzake mara moja nyuma ya sikio. Mara moja tu. Nicodemo alikata roho juu ya pikipiki kabla haijaifikia barabara ya lami. Tofauti ya kulima kwanza na kulima pili ilikuwa siku mbili.

Polisi wakamchukua Bonaventura. Mila ikamchukua Agatha.

Kwa Wairaqw, nyumba iliyomwaga damu huingia metimani, yaani hutengwa. Haiombi moto wala maji. Haiazimwi jembe. Watu wake hawakai chini ya paa moja na watu wa marehemu, hawakai benchi moja nao, hawali pamoja na mtu yeyote, na hawabebi mtoto wa mtu. Hivyo hivyo mpaka siku ya upatanisho, siku ambayo kondoo huchinjwa, kisha muuaji mwenyewe hunawa mikono katika bakuli moja na watu wa marehemu. Muuaji mwenyewe. Kaka yake hawezi kumnawia, wala mke wake.

Na muuaji mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa gerezani, anakula ugali na maharage ya Serikali kila siku iendayo kwa Mungu. Agatha alipokwenda kumtembelea mara ya kwanza alimkuta amevimba mashavu. Mwanaume akakaa upande wa pili wa wavu akalalamika kwamba maharage ya mle yana mawe. Siku hiyo Agatha alikuwa na malengelenge kumi na moja viganjani, kwa sababu eka mbili za shamba alikuwa amezilima kwa jembe la mkono. Maksai wao alikuwa malishoni, amenona, hana kazi. Maksai wa Nicodemo naye alikuwa ng'ambo ya mpaka, amenona, hana kazi. Na huko ng'ambo, mgongo wake ukionekana juu ya majani, Gaudensia mjane wa Nicodemo alikuwa akilima kwa jembe la mkono vile vile.

“Mawe,” Agatha alimwambia mumewe. “Pole sana, baba Zita. Yachambue.”

Ukitaka kujua watu wanavyoweza kuwa wajinga huku wamevaa nguo safi, ungekwenda kanisani kwao miaka ile. Kanisa lina paa, na Agatha na Gaudensia wote walikuwa Wakatoliki wa kanisa lile lile. Ikabidi Gaudensia apangiwe misa ya kwanza na Agatha ya pili. Jumuiya ndogo ndogo, ambayo ilikuwa ikisali nyumba kwa nyumba kwa zamu, ikawa inairuka nyumba ya Agatha, na mwenyekiti wao akaeleza kwa sauti ya asali kwamba wanamwombea akiwa huko huko aliko. Walimwombea kwa mbali kama watu wanaomtazama chui.

Mwaka mmoja baadaye Mlima Hanang ulipomwaga tope mpaka Katesh, dada yake Agatha aliyekuwa akiishi Jorodom alipoteza nyumba na mume kwa asubuhi moja. Agatha alitembea kwenda kumlilia. Walimwekea kiti chake peke yake, nje ya turubai, na sahani yake peke yake. Tope lilikuwa limewafukia watu bila kuwauliza ukoo wao, lakini waliosalia walipata nafasi ya kuuliza.

Hayo yote Agatha aliyabeba kwa kubenua midomo. Moja tu lilimshinda. Zita, mwanawe wa kwanza, aliyeolewa Gehandu, alijifungua mtoto wa kiume, na bibi yake hakuruhusiwa kumgusa. Mtoto aliletwa mara mbili, akawekwa uani hatua kumi kutoka mlangoni, aonwe. Mara ya pili alikuwa tayari anatembea, akaanza kumjia bibi yake, na Zita akamdaka mkono akamrudisha nyuma. Agatha aliingia ndani akajifanya anatafuta kitu. Siku hiyo hakumcheka mtu yeyote.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mzee Qamara, msemaji wa wazee wa ukoo. Mzee Qamara alikuwa mtu wa kusafisha koo mara tatu kabla ya kusema “ndiyo”.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama Zita. Simama hapo hapo, usikaribie.”

“Nimesimama. Mzee, nimekuja kuomba. Niruhusuni ninawe mimi kwa niaba yake, mambo yaishe.”

Mzee akasafisha koo. “Haiwezekani. Mikono iliyopiga ndiyo inayonawa.”

“Sawa. Sasa mikono iliyopiga inakula sahani moja na watu sitini kule gerezani, na mimi ambaye sikumpiga mtu nakula peke yangu. Hilo limekaaje?”

Akasafisha koo mara ya pili na ya tatu. “Huko ni kwa Serikali,” akasema. “Huku ni kwetu. Wewe subiri mume wako atoke.”

Kwa hiyo Agatha akasubiri mume wake atoke. Hakuwa anamtaka. Ukweli usemwe, baada ya mwaka wa kwanza alikuwa amegundua kwamba nyumba bila Bonaventura ina nafasi na ukimya, na kwamba unga unachukua muda mrefu zaidi kwisha. Lakini alimhitaji kama mtu anavyohitaji ufunguo, hata kama ufunguo wenyewe una kutu. Kila mwezi ambao Jaji angemwongezea Bonaventura ulikuwa mwezi wa Agatha pia, na tofauti ni kwamba wa Bonaventura ungeandikwa mahali.

Sehemu ya hayo alimweleza Raya pale nje ya mahakama, kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wa mifugo. Raya akasema kwamba vyovyote iwavyo, mjane akija akasema neno mbele ya Jaji itasaidia sana, na akampigia Mzee Qamara simu mwenyewe.

Wazee walikaa siku mbili wakilijadili suala hilo. Hukumu yao, Agatha aliisikia baadaye, na mpaka leo akiikumbuka hufyonza. Walikubaliana kwamba Gaudensia anaweza kwenda akaseme. Tatizo likawa paa. Je, mjane ataingiaje chini ya paa moja na muuaji? Wakasafisha koo. Wakaamua kwamba kwa sasa Bonaventura ni mtu wa Serikali, amezungukwa na mbao za Serikali pale kizimbani, kwa hiyo hahesabiki. Lakini mke wake si mtu wa Serikali, mke wake ni wa nyumbani, kwa hiyo anahesabika. Gaudensia asingeweza kuingia iwapo Agatha yumo ndani. Yaani aliyeua hana neno, asiyeua ndiye mwenye neno. Na baada ya kufikia hekima hiyo kubwa walimweleza Gaudensia, wakawaeleza na watu wa Gaudensia, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia Agatha.

Siku ya adhabu Agatha alipanda basi la kwanza kutoka Katesh. Mzee Qamara na Gaudensia walipanda la pili, maana hata mabasi yalikuwa yamepangiwa zamu. Kwa kuwa alifika mapema, na kwa kuwa Raya alikuwa amemwambia akae mahali ambapo Jaji atamwona, Agatha aliingia akakaa benchi la mbele kabisa na mkoba wake mapajani.

Bonaventura aliletwa amevaa shati jeupe ambalo Agatha alikuwa amempelekea wiki iliyopita. Lilikuwa limembana tumboni. Alimtazama mkewe akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyeonewa.

Wakili wa Serikali akasimama, akarudia kwa kifupi jinsi kosa lilivyotendeka. Alisema kwamba mnamo saa tatu asubuhi mshtakiwa alifika katika shamba la marehemu. Alisema kulitokea mabishano kuhusu zamu ya kulima. Akasema fimbo, akasema kichwa, akasema daktari.

Agatha alisikiliza ameuma meno. Wiki iliyopita pia alisikiliza hivyo hivyo, na miaka yote mitatu, kila palipotajwa kesi hii, alisikiliza akingojea neno moja ambalo halikuja. Maelezo yao yote yalianza saa tatu. Hayakuwa na saa moja. Saa moja asubuhi ile Bonaventura alikuwa amekaa uani anakunywa uji, hana mpango wa kwenda kwa mtu, na Agatha akamsimamia na kata mkononi akamuuliza kwa sauti: “Hivi wewe ni mume, au na wewe ni maksai wa Nicodemo? Kila mwaka unaburuzwa tu.” Alijua kabisa kwamba zamu ilikuwa ya Nicodemo. Hakuwa na haja na zile siku mbili. Aliyasema maneno yale kwa sababu yalimjia vizuri mdomoni, na kwa sababu alipenda kuona shingo ya Bonaventura ikivimba. Bonaventura aliweka bakuli chini akachukua fimbo.

Hakuwahi kumwambia mtu. Padre mwenyewe alimwambia nusu tu. Na Bonaventura naye, jambo ambalo lilimkera kuliko yote, hakuwahi kulitaja polisi wala mahakamani. Pengine alilisahau. Pengine huo ndio ulikuwa uungwana pekee aliowahi kuufanya, na Agatha hakupenda kudaiwa uungwana na mtu kama yule.

Raya akasimama kumwombea mteja wake apunguziwe adhabu. Alisema vizuri, sauti yake haikutetemeka. Alisema mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza. Alisema amekiri. Alisema amekaa mahabusu miaka mitatu na miezi miwili. Alisema ana mke na watoto ambao wanamtegemea yeye.

Agatha akageuka nyuma kutazama kama kuna mwanamke mwingine aliyekaa pale, anayemtegemea Bonaventura.

Hapo ndipo, kupitia dirishani, alipomwona Gaudensia. Alikuwa amesimama uwanjani kwenye jua kali, mbali hata na kivuli cha kibaraza, kwa sababu kibaraza nacho kina paa. Mzee Qamara alikuwa kando yake na kofia yake mkononi. Gaudensia alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Hakuwa anatazama kitu kingine chochote ila mlango.

“Mheshimiwa Jaji,” wakili wa Serikali alikuwa akisema, “upande wa utetezi ulituambia kwamba familia ya marehemu itafika. Mpaka sasa hakuna aliyejitokeza. Tunaomba Mahakama yako ione kwamba kidonda bado ni kibichi, na itoe adhabu inayostahili.”

Jaji akainua macho juu ya miwani. “Wakili Raya, huyo ndugu wa marehemu yupo?”

Raya akatazama mlangoni. Hakumwona mtu. “Mheshimiwa, naomba dakika chache.”

“Dakika tano.”

Agatha alimtazama Gaudensia, akautazama mlango, akalitazama benchi alilokalia, na jambo lote likamwingia kichwani kwa mara moja. Wanamsubiri yeye atoke. Mwanamke yule amesafiri kutoka Endasak kuja kusimama juani, na wazee watu wazima wamemshikia zamu, kwa sababu yeye Agatha amekaa mbele na mkoba mapajani kama bibi harusi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawasha. Alitamani kubaki pale pale, aone watafanya nini. Alitamani dakika tano ziishe, Jaji apige miaka kumi, halafu Mzee Qamara akawaeleze watu habari za paa. Angebaki dakika moja zaidi angebaki kweli.

Alisimama. Askari akamnong'oneza akae, hakukaa. Bonaventura kizimbani aliona mke wake anampa kisogo, anatoka nje wakati hatima yake inaamuliwa, na mdomo ukamfunguka. Agatha alipita bila kumtazama.

Nje alisimama hatua kumi kutoka kwa Gaudensia, umbali ambao miguu yake ilikuwa imeshauzoea. Hakuruhusiwa kusema naye. Kwa hiyo akasema na Mzee Qamara, kwa sauti ya kusikika na wote.

“Mzee, mimi nimetoka. Paa ni lenu. Zimebaki dakika tatu, na koo lako usilisafishe, hakuna muda.”

Gaudensia alimzunguka Agatha kwa mbali, akapanda ngazi, akaingia.

Palikuwa na benchi la mbao pale uwanjani, limeachwa wazi juani. Agatha akalikalia. Mzee Qamara akabaki amesimama upande wa pili, akiwa na uso wa mtu aliyefanikisha jambo. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Jaji, kisha sauti ndogo ya mwanamke, kisha kimya, kisha sauti ya Jaji muda mrefu sana. Agatha hakuweza kushika hata neno moja. Alikuwa anaogopa. Kwa miaka mitatu alikuwa amewadharau watu wote ili asiogope, na sasa hakubaki mtu wa kumdharau pale isipokuwa Mzee Qamara, ambaye hakutosha.

Raya ndiye aliyetoka kwanza, na joho lake mkononi.

“Miaka mitano, mama,” akasema. “Lakini ameondoa muda wote aliokaa mahabusu. Anabakiza mwaka mmoja na miezi kumi. Ingeweza kuwa kumi, kwa kipigo cha kichwani. Maneno ya mjane ndiyo yaliyosaidia.”

“Alisema nini?”

Raya akafungua daftari lake. “Nimeyaandika kama alivyosema. Alisema: ‘Mheshimiwa, huyu mwanaume mimi simwombei. Lakini mkimfunga yeye huko, mke wake anafungwa kwetu, na mimi nafungwa pia. Yule mama hajaua mtu. Naomba hilo liandikwe.’”

“Jaji akasemaje?”

“Akasema Mahakama haina mamlaka juu ya metimani. Lakini aliandika. Nilimwona anaandika.”

Mzee Qamara, ambaye alikuwa amesogea kusikiliza, akasafisha koo. “Mwaka mmoja na miezi kumi si mingi, mama Zita,” akasema kwa upole mkubwa. “Mmeshavumilia mingi zaidi. Anatoka, ananawa, tunachinja kondoo, yanaisha. Tuvumilie tu.”

“Tuvumilie,” Agatha akasema. “Wewe umevumilia nini, mzee wangu? Ulishawahi hata kulala na njaa kwa ajili ya jambo hili? Huyu mtoto wangu wa Gehandu ana mwana ambaye atakuwa anachunga mbuzi kabla sijamshika mkono. Serikali imemhesabia mwanaume yule mpaka siku aliyolala tu mahabusu. Mimi nani amenihesabia?”

Mzee akaivaa kofia yake. Hata koo hakusafisha.

Gaudensia alikuwa ametoka. Alishuka ngazi taratibu, na safari hii hakuzunguka kwa mbali. Alikuja moja kwa moja mpaka lilipokuwa benchi, akasimama, kivuli chake kikamwangukia Agatha magotini. Kwa karibu alikuwa amezeeka. Viganja vyake vilikuwa na sugu mahali pale pale Agatha alipokuwa na zake.

“Mama Joakimu,” Mzee Qamara akamwambia Gaudensia haraka, “rudi huku. Siku ya kunawa bado haijafika.”

Agatha hakujua aweke wapi macho. Alikuwa na maneno makali ya kila mtu, kwa miaka yote, lakini kwa mwanamke huyu hakuwa nayo, na hili moja aliloweza kulisema lilikuwa limekaa kooni miaka mitatu na miezi miwili. Likatoka vibaya, limevunjika katikati, machozi yakiwa yameshatangulia.

“Ni mimi niliyempandisha hasira. Asubuhi ile. Nilimwambia yeye ni maksai wa mume wako. Ni mimi.”

“Najua,” Gaudensia akasema. “Una sauti kubwa. Nilikuwa naosha vyombo uani, nilikusikia mwanzo mpaka mwisho.”

Agatha akainua uso. Kumbe huyu alijua. Alijua muda wote aliokuwa akilima pale ng'ambo, alijua alipopanda basi, alijua aliposimama mbele ya Jaji akasema yule mama hajaua mtu.

“Mama Joakimu!” Mzee Qamara akaita tena, sauti imempanda. “Mila inasema—”

“Nimeisikia, mzee wangu. Shikamoo yako,” Gaudensia akasema bila kugeuka. Akashika ncha ya kitenge chake cha kanisani akakikusanya asije akakikalia. “Nimesimama kwenye jua tangu saa tatu,” akamwambia Agatha. “Sogea.”

Agatha akasogea.